Kivinjari kinapolikosa shairi
Hali ya kusoma ya kivinjari, ambayo Safari iliileta mwaka 2010, ni neema: unabonyeza, matangazo yanatoweka, yanabaki maneno. Kwa nathari sina kinyongo nayo. Lakini inajuaje maneno ni yapi? Ile ya Firefox hutoa alama kwa koma na urefu wa aya. Aya isiyofika herufi 25, nafasi zikiwemo, haipati kitu. Sasa chukua mshororo wa utenzi, mizani 8, uliowekwa kama aya pekee. Mara nyingi haufiki! Ati utungo uliobanwa kwa makusudi uhesabiwe takataka za pembeni? Jamani wahariri, ubeti mzima na uwe aya moja, mishororo ikatwe humo ndani.