Dover hadi Calais: ratiba inayopangwa gatini

Feri za magari kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, huvuka mlango-bahari ambao mahali pembamba zaidi una kilomita 33. Safari ya gati hadi gati huchukua takriban dakika 90. Mpangaji wa ratiba, hata hivyo, hushughulika zaidi na muda ambao meli imefungwa gatini, kwa kuwa huo ndio anaoweza kuupunguza bila kuchoma mafuta.

Hesabu yenyewe ni hii. Dakika 90 za kuvuka na 60 za kushusha na kupakia, kwenda na kurudi, ni saa tano kamili. Kampuni inayotaka meli iondoke kila saa, usiku na mchana, inahitaji meli tano, na hapo haijaweka hata moja ya akiba. Tuseme inatafuta pa kupunguza dakika kumi. Umbali ni maili 22 hivi za baharini. Kwa mwendo wa maili 18 kwa saa meli huumaliza kwa dakika 73, na zinazobaki huishia kwenye kutoka bandari moja na kuingia nyingine. Kuumaliza kwa dakika 63 kunataka mwendo wa maili 21. Nguvu inayotakiwa kwenye injini hupanda kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo hapa itapanda kwa karibu asilimia 60, na mafuta ya safari moja yataongezeka kwa zaidi ya theluthi. Dakika kumi hizohizo zikipatikana kwenye kushusha malori, hazili mafuta hata lita moja.

Ndiyo maana gati na meli hubuniwa kama kitu kimoja. Gati la Mashariki la Dover lilianza mwaka 1953 kupokea magari yanayoendeshwa moja kwa moja hadi melini. Kabla ya hapo mengi yalinyanyuliwa kwa kreni, moja baada ya jingine. Tatizo la pwani hiyo ni bamvua. Kati ya maji kujaa na maji kupwa, kina hupishana kwa mita sita hivi, karibu maradufu ya Mombasa, na meli haiwezi kungoja maji yafike kimo kinachofaa. Daraja la kupakilia kwa hiyo hupanda na kushuka, na lina ngazi mbili: magari huingia sitaha ya chini na ya juu kwa wakati mmoja. Meli ya Spirit of Britain, yenye urefu wa mita 213, ina zaidi ya mita 2,700 za mistari ya kupanga malori; kuijaza kwa mlango mmoja tu kungevuruga ratiba nzima ya siku.

Gharama ya kuitenganisha meli na gati lake ilionekana tarehe 6 Machi 1987. Herald of Free Enterprise ilijengwa kwa ajili ya Dover na Calais, lakini siku hiyo ilikuwa Zeebrugge, Ubelgiji, kwenye daraja la ngazi moja. Maji yalikuwa ya bamvua na daraja halikufika sitaha ya juu, hivyo omo ilishushwa kwa kujaza maji matangi ya mbele. Meli iliondoka kabla maji hayo hayajatolewa yote, na milango ya omo ikiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala, na nahodha hakuwa na taa yoyote ya kumwonyesha hali ya milango. Sitaha ya magari ni ukumbi mmoja usio na kuta za kuugawa; maji yalipoingia yalikimbilia upande mmoja, na meli ikalala ubavu ndani ya dakika moja au mbili. Watu 193 walikufa. Usingizi wa baharia ndio unaosimuliwa zaidi, lakini kasoro ya kiufundi ilianza pale meli ilipopangiwa gati ambalo haikujengewa. Baadaye kanuni za kimataifa zililazimisha taa za kuonyesha kama milango imefungwa ziwekwe kwenye chumba cha nahodha.

Baharini kwenyewe mpangaji ana uhuru mdogo. Mlango-bahari wa Dover hupitiwa na meli 400 hadi 500 kwa siku, nazo zimetengewa njia mbili: ya upande wa Uingereza huelekea kusini-magharibi, ya upande wa Ufaransa kaskazini-mashariki. Feri inazikata zote mbili. Kanuni ya 10 ya kanuni za kuzuia migongano baharini inataka ikate kwa pembe mraba kadiri inavyowezekana, na kipimo ni uelekeo wa omo, si njia ambayo chombo kinapitishwa na mkondo. Nahodha kwa hiyo hainamishi omo sana kushindana na mkondo; huuachia umsogeze kando, kisha hurekebisha akishatoka kwenye njia. Kuna jambo jingine ambalo abiria halioni. Feri ikitoka Dover, meli za njia ya kwanza huitokea kushoto, na hizo ndizo zinazopaswa kuipisha. Za njia ya pili huitokea kulia, na hapo feri ndiyo inayopisha. Ikirudi kutoka Calais mambo huwa vilevile. Nusu ya pili ya safari ndiyo yenye kupunguza mwendo na kukata kona, na ndiyo inayohitaji dakika za ziada.

Mpaka ni kazi nyingine. Mkataba wa Le Touquet wa mwaka 2003 uliweka askari wa mpaka wa Ufaransa ndani ya Dover, na wa Uingereza ndani ya Calais. Msafiri wa Namanga anaujua mpango unaofanana na huo, ila huko ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande anaoingia. Dover na Calais hufanyika upande anaotoka, na kwa bahari ndivyo inavyofaa: atakayekataliwa hukataliwa kabla hajapanda, na magari hushuka upande wa pili bila kusimama dirishani. Foleni yote basi hubaki kwenye bandari ya kuondokea, nayo Dover imebanwa kati ya majabali na maji. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, pasipoti za Waingereza hukaguliwa kwa kina zaidi, na sekunde chache zikizidishwa mara maelfu ya magari huwa saa nzima. Malori hushikiliwa mbali, hata kwenye barabara kuu ya M20. Ufaransa ilijibu kwa mfumo unaounganisha karatasi za forodha na namba ya lori kabla halijapanda. Meli ikiwa bado baharini, dereva huarifiwa kama atapita moja kwa moja au ataenda kukaguliwa.

Mwaka 2023 kampuni ya P&O Ferries ilileta P&O Pioneer, meli ya mita 230 yenye chumba cha nahodha kila upande. Haina omo wala tezi ya kudumu, na haihitaji kugeuka bandarini. Dakika hizo za kugeuka zikiokolewa kila safari, meli huweza kwenda polepole baharini na bado ikawahi.

Kilichobaki ni watu. Meli inayozunguka usiku na mchana inahitaji mabaharia wa zamu, na ni kwenye mishahara yao ambako kampuni zimeshindana vikali. Machi 2022 P&O Ferries iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2023 sheria ya mishahara ya mabaharia, inayohusu meli za huduma zinazotia nanga nchini humo angalau mara 120 kwa mwaka. Kwa mizunguko minne hadi mitano kwa siku, meli ya Dover hufikisha idadi hiyo ndani ya mwezi mmoja.