Herufi Tupu na Wajazaji Wake

Takriban kila msemaji wa Kiswahili nchini Tanzania anafahamu kwamba FFU ni "Fanya Fujo Uone". Si wengi wawezao kutaja bila kusita maneno ya Kiingereza yaliyozaa herufi hizo, na jina la Kiswahili, Kikosi cha Kutuliza Ghasia, huandikwa zaidi kuliko linavyotamkwa. Mzaha huu umedumu kwa kuwa ni sentensi kamili, yenye amri na matokeo yake, kama mzazi amwonyavyo mtoto mtundu. Tena unaieleza kazi ya kikosi kwa ufupi ambao mwanaistilahi yeyote angeuonea wivu.

Siungani na wanaoziona tafsiri za namna hii kuwa ni uhuni wa lugha tu. Huo ni uhakiki wa kazi yetu. Herufi zikipelekwa kwa wananchi zikiwa tupu, wananchi huzijaza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikusudia kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule wawe wanapata elimu ya msingi. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huku wakifundisha. Mpango uliotekelezwa kwa Kiswahili, vijijini, ukaitwa kwa herufi za Kiingereza, UPE. Nazo zikageuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo haikumgusa aliyeuandika mpango. Ilimwangukia kijana aliyesimama mbele ya darasa lililofurika.

Mfano mzito zaidi ni wa AIDS. Ugonjwa huu ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, jina lake la kigeni halikueleza lolote kwa asiyejua Kiingereza. Baadaye vijana wakalifumbua: "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Katika Zaire ya miaka hiyo, herufi za Kifaransa SIDA nazo zilifasiriwa kuwa ni ugonjwa wa kubuni wa kuwavunja moyo wapendanao. Hapa mzaha ulikuwa ukishindana na ushauri wa daktari, na mara nyingine ulimshinda.

Msomaji azingatie sarufi ya mzaha wetu. Kiambishi i- katika "iniue" ni upatanisho wa neno la mkopo, kama homa au malaria. Kwa ukimwi tungelazimika kusema "uniue", na herufi ya pili ingepotea. Neno UKIMWI liliundwa kwa silabi, si kwa herufi moja moja: upungufu wa kinga mwilini. Likaingia moja kwa moja katika ngeli ya ukoma na utapiamlo. Tunasema ukimwi umeenea, wala hatuhesabu herufi. Hata pale wataalamu walipopendelea "upungufu" badala ya "ukosefu", neno lenyewe halikuguswa. Hiyo ni kazi njema ya uundaji istilahi.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili peke yake ni kinga. CCM ni herufi za Kiswahili safi tangu 1977, na "Chukua Chako Mapema" imesikika katika majukwaa ya wapinzani wake. Kinachosomwa herufi kwa herufi huachwa wazi, uwe umekitoa lugha gani. TAMISEMI na BAKWATA, majina ya silabi, yamekuwa maneno, na mpiga mzaha hupata taabu kuyavunja.

Kuna pia kasoro ya ndani. Katika CCM kiunganishi "cha" kimehesabiwa. Katika JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, "la" limeachwa. Hatujawa na kanuni moja, ilhali wacheza na lugha wa mitaani wanayo: huepuka viunganishi na kupenda vitenzi.

Kwa sababu hiyo nina shaka na VVU, virusi vya ukimwi. "Vya" imehesabiwa, ukimwi mzima umebanwa ndani ya herufi moja, na mgonjwa husomewa jina hilo kliniki kama namba ya jalada. Herufi tatu hizo ziko tupu kama zilivyokuwa zile nne za AIDS.