Namna ya Kuipima Ndege ya Vita Ukiwa Mongbwalu

Mnunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu, hapa Ituri mashariki mwa Kongo, hahadaiki na mng'aro. Huweka mizani, hudondosha asidi, ndipo anataja bei. Ndege ya vita nayo ina mng'aro wake, nao ni kasi. Vitabu vya matangazo vyote huanzia hapo: mara mbili ya mwendo wa sauti. Nambari yenyewe si ya uongo, ila ni ya ndege isiyobeba kitu, iliyo juu sana kwenye hewa nyembamba, kwa dakika chache, injini zikiwashwa moto wa ziada unaokula mafuta ovyo. Ikishapachikwa mabomu chini ya mabawa, ndege hiyohiyo huenda kazini chini ya mwendo wa sauti. Basi kasi iulizwe mwisho, au isiulizwe kabisa.

Nazungumzia ndege za kazi nyingi, zile zilizoundwa zipigane na ndege nyingine angani na pia zipige shabaha ardhini, bila kurudi kiwandani kubadilishwa. Iliyo jirani na sisi ni Sukhoi Su-30MK2 ya Uganda. Waganda walinunua 6 kutoka Urusi, na za kwanza zikafika Entebbe mwaka 2011. Kutoka Entebbe hadi Mongbwalu, ukikata moja kwa moja juu ya Ziwa Albert, ni kama kilomita 340. Kwa mwendo wake wa kawaida, ndege hiyo haimalizi nusu saa.

Anza na mzigo na mafuta, na uvipime pamoja. Su-30MK2 ina ndoano 12 za kutundikia silaha na inatajwa kubeba tani 8. Ndani ya mwili wake huingia zaidi ya tani 9 za mafuta, na inatajwa kufika kilomita 3,000 bila kuongezewa. Muuzaji atakupa nambari zote mbili kwa sauti moja. Hatakuambia kwamba haziruki siku moja. Kila bomu linalotundikwa nje hukwaruzana na hewa na kuukata umbali, na ndege iliyojaa pande zote mbili inahitaji barabara ndefu ya kurukia. Hapa kwetu jambo hilo ni zito zaidi. Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, mji wetu wa Bunia uko juu kidogo kuliko hapo, na jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi: injini inapumua kidogo, bawa linashika kidogo. Ndiyo maana kiwanja cha Entebbe, chenye njia ya zaidi ya kilomita 3.6, ni sehemu ya ubora wa ndege hizo, ingawa hakimo katika mkataba wa kuzinunua. Kiwanja kidogo cha udongo cha Mongbwalu hakiwezi hata kuwa cha dharura.

Swali zuri la kumwuliza mwenye ndege ni hili: ikifika, inakaa dakika ngapi? Mwezi wa 6 mwaka 2003, wakati wa Operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya, Mirage za Ufaransa zilipita chinichini juu ya Bunia. Kishindo kile kilikuwa silaha, na wanamgambo walikielewa. Lakini ndege zile zilitoka nje ya nchi, na kila dakika juu ya Bunia ilikatwa kwenye mafuta ya kurudi. (Kwa mafuta wangeweza kufika Mongbwalu pia. Hati ya kazi yao ndiyo iliyoishia Bunia na uwanja wake wa ndege.) Ndege kubwa yenye tangi pana hushinda hapa, na Su-30 ilizaliwa kwa ajili hiyo: asili yake ni Su-27, iliyochorwa kulinda anga pana la Kisovieti lenye viwanja vilivyo mbali mbali.

Sasa iname, utazame chini ya tumbo. Mahali injini zinapovutia hewa pana habari kuliko rangi yote ya juu. F-16 ya Marekani, ndege nzuri mno, ina tundu moja pana lililo karibu na ardhi. Kokoto moja ikiingia, mapanga ya injini yamekwisha. Warusi waliweka ndani ya matundu ya Su-27 na nduguze wavu wa chuma unaoinuka ndege inapokimbia ardhini na kulala inapokuwa hewani. Fundi aliyefikiria kokoto kabla ya kufikiria sherehe za anga, huyo namwamini. Wasweden walifika palepale kwa njia nyingine: Gripen yao ni ndogo, inatua kwenye kipande cha barabara cha mita 800 hivi, na huhudumiwa na fundi mmoja akisaidiwa na vijana wachache wa jeshi la lazima.

Tazama pia nafasi kati ya injini. Tarehe 24 Januari 2023, Su-25 ya jeshi letu ilipigwa kombora karibu na Goma, Rwanda ikidai ilikuwa imevuka mpaka. Ilionekana ikiwaka ubavuni, lakini ilitua Goma. Su-25 si ya kazi nyingi, ni ya kushambulia ardhini tu, ila somo ni lilelile: injini zake mbili zimetenganishwa, moja ikiungua nyingine iendelee. Su-30 pia ina bonde pana kati ya injini zake. Ndege ya injini moja huwa rahisi kuitunza na hula kidogo, na kwa nchi nyingi hilo latosha. Mimi, nikipewa msitu wa kilomita mia kadhaa wa kuuvuka, nachagua mbili.

Kuhusu wepesi wa kugeuka sitakawia. Su-30 walizonunua Wahindi zina mabawa madogo mbele na bomba za moto zinazopinda, MK2 haina. Watu husikitika. Kwa kazi itakayoikuta ndege hiyo kati ya Kampala na Kisangani, hakuna hasara.

Macho ndiyo yenye hesabu, na hapa ndipo ndege nyingi za sifa huanguka. Mobutu, alipoitawala Kongo kwa jina la Zaire, alipata Mirage 5 kutoka Ufaransa miaka ya 1970. Aina ile iliundwa makusudi bila rada kubwa ya puani, kwa vita vya mchana na anga safi. Ilete Ituri mwezi wa mvua, mawingu yakikaa juu ya vilima vya Djugu, uone rubani atafanya nini. Ndege ya kisasa lazima iwe na rada inayosoma ardhi kupitia mawingu, jicho la joto, na kifaa cha kulengea kinachotundikwa nje, kama Litening ya Israeli au Talios ya Ufaransa, kinachomwezesha rubani kutambua kutoka mbali kama kilicho chini ni lori au nyumba. Kiti cha pili cha Su-30 ni faida kubwa: mmoja anaendesha, mwingine anatazama.

Hata hivyo, mpe mtazamaji huyo bonde lililo nyuma ya Mongbwalu. Atakutana na majani yaliyofunga kama paa. Penye uwazi ataona maturubai, moshi wa jikoni, vijana wengi, mashimo, pikipiki. Hiyo ni kambi ya wachimbaji. Kambi ya wanamgambo nayo ina maturubai, moshi, vijana na pikipiki, na mara nyingine ziko kando ya shimo moja. Bomu la Kirusi KAB-500Kr huongozwa kwa picha: hulinganisha kinachoonekana na kilichowekwa kwenye kumbukumbu yake, na hupenda shabaha yenye kingo kali, daraja au jengo. Msitu hauna kingo. Kwa hiyo ukisikia ndege inasifiwa kwa usahihi, uliza nani yuko ardhini akiielekeza, na anazungumza nayo kwa redio gani. Bila mtu huyo, nambari za usahihi ni za uwanja wa majaribio.

Mzinga sitausemea sana. Ni wa milimita 30, risasi 150, na ukibonyezwa mfululizo huisha kwa sekunde 6 hivi.

Yabaki matunzo. Injini za Kirusi za AL-31F zina nguvu, karibu tani 12.5 za msukumo kila moja, lakini hurudi karakana mapema kuliko za Magharibi, na karakana yenyewe iko mbali. Mirage za Zaire hazikudumu: ajali zilichukua baadhi, ukosefu wa vipuri ukazisimamisha nyingine chini. Bei ya kununua, basi, ni mlango tu. Kwa mkataba wa Sukhoi iliyotajwa hadharani Uganda ilikuwa dola milioni 740 hivi. Tuliohesabiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi wa 2 mwaka 2022 tunaijua nambari nyingine: Uganda iliamriwa kuilipa Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, zikiwemo milioni 60 za mali asili, na dhahabu ya Ituri ndani yake.

Ukialikwa kwenye maonyesho ya ndege, usiondoke watu wanapopiga makofi. Subiri itue. Hesabu mafundi wanaoikimbilia, uone vifuniko vingapi wanavifungua wakiwa wamesimama chini na vingapi vinadai ngazi, ukae hadi uone kama ndiyo itakayoruka tena mchana ule au wamevuta nyingine kutoka bandani.