Maziwa na Alama: Mama katika Riwaya ya Beloved

Riwaya ya Beloved, aliyoitoa Toni Morrison wa Marekani mwaka 1987, husomwa aghalabu kwa ajili ya tendo lake moja la kutisha: mama aliyetoroka utumwani amwua binti yake mchanga kwa msumeno ili asirudishwe kwa bwana. Asili ya tendo hilo ni habari ya kweli ya Margaret Garner, aliyekimbia kutoka Kentucky hadi Cincinnati mwezi wa Januari 1856. Wanafunzi huligeuza darasa kuwa baraza la hukumu, hawa wakimshitaki Sethe na hawa wakimtetea. Ubishi huo si wa bure, walakini huanza katikati ya maisha yake. Morrison alianza mapema zaidi.

Sethe alimjua mama yake kidogo mno. Alinyonya kwake wiki mbili au tatu, kisha mama akarudi katika mashamba ya mpunga, na mtoto akakabidhiwa kwa Nan, ambaye maziwa yake yalikuwa kwanza ya watoto wa Wazungu. Yaliyosalia, kama yalisalia, ndiyo ya Sethe. Siku moja mama alimwita kando akamwonyesha chini ya titi alama ya duara na msalaba iliyochomwa kwa moto, ili amtambue kwayo atakapokufa. Mtoto akaomba naye atiwe alama kama hiyo. Alipigwa kofi. Baadaye mama alinyongwa, na maiti ilipoteremshwa alama haikutambulika tena, ijapokuwa mtoto aliitafuta.

Kurasa hizo chache ndizo zinazobeba kitabu kizima. Bila ya hizo, haieleweki kwa nini Sethe, akimsimulia Paul D jinsi alivyopigwa mijeledi hali ana mimba, harudii habari ya mijeledi bali ya maziwa aliyonyang'anywa. Paul D anastaajabia mgongo; mwenziwe analilia kifua. Mtu aliyeonja njaa ya titi utotoni ameapa moyoni kwamba watoto wake hawataionja, na kiapo hicho ndicho kinachomfanya asiweze kuona mpaka baina ya nafsi yake na nafsi zao. Kumlinda mtoto na kummiliki huwa jambo moja.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake karibu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na binti aliitwa akae karibu na wino na karatasi. Wosia ule ni hirizi ya kuvaliwa shingoni. Mama yake Sethe, katika miaka isiyo mbali na hiyo, hakuwa na cha kurithisha ila kovu, na alipoombwa kulirithisha alikataa kwa kofi. Kofi lile lilikuwa huruma, lakini mtoto hakuwa na njia ya kulijua hilo. Wala huko Sweet Home, alikofika akiwa na miaka 13, hapakuwa na mwanamke mzima wa kumwuliza namna ya kulea.

Matokeo yaonekana kwa watoto waliobaki. Howard na Buglar wanatoroka nyumbani wangali wavulana (na yafaa kusema kwamba riwaya inawasahau upesi kupita kiasi). Denver anampenda mama na kumwogopa pamoja: katika ndoto zake mama humkata kichwa kila usiku, kisha hukichukua chini akakisuka nywele. Ni vigumu kupata picha iliyo sahihi zaidi ya malezi ya aliyejeruhiwa. Mkono unaosuka ni mpole kweli kweli.

Kuhusu sonona, Morrison hamweki mganga wala jina la ugonjwa. Anaonyesha kitanda. Baby Suggs, mkwewe Sethe, baada ya mauaji alijilaza akawa anatafakari rangi tu hadi kufa. Mwishoni Sethe naye analala katika kitanda kile kile, hataki kuoga wala kula. Kabla ya hapo amepoteza kazi, na chakula chote amempa Beloved, yule mgeni anayedhani ni binti aliyerudi, huku Denver akishinda na njaa. Mama aliyeapa kwamba hakuna wake atakayekosa maziwa, sasa hamwoni aliye hai mbele yake.

Wako wanaosema kwamba riwaya hii yafundisha kuwa jeraha la mama ni urithi usioepukika. Rai hiyo yapotoka, kwa kuwa yampuuza Denver. Yeye anashuka barazani peke yake, akiogopa, anakwenda kwa Lady Jones kuomba kazi. Baada ya hapo vyakula vinaachwa ukingoni mwa ua, vingine na majina ya wenyewe yaliyoandikwa juu ya vipande vya karatasi. Na kwa kuwa vyombo ni vya watu, Denver hana budi kuvirudisha, nyumba hata nyumba, na kila mlangoni kusimama akazungumza.