Mashine ikiaga, hasara ya gemu inabaki kwa nani?

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Hadi Sony ilipothibitisha mwanzoni mwa 2013 kwamba imeacha kuitengeneza, zilikuwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 150. Siri kubwa ilikuwa bei. Marekani ilianza kwa dola 299, ikashuka hadi 199 mwaka 2002, 149 mwaka 2004, 129 mwaka 2006 na 99 mwaka 2009. Kila iliposhuka, waliokuwa wakiitamani kwa mbali wakaweza kuinunua.

PlayStation 3 ilipoingia Marekani Novemba 2006, ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 499. Pengo hilo liliilinda ile ya zamani, maana mwenye dola 129 hakuwa mteja wa mashine mpya. Gemu zilizotamba zilirudishwa sokoni kwa takriban dola 20 badala ya 50, na rafu ya duka ikaendelea kuingiza fedha. FIFA 14 ilitolewa kwa PlayStation 2 mwaka 2013, wakati mashine yenyewe haitengenezwi tena.

Mnunuzi haoni kilicho nyuma ya rafu hiyo. Kule Marekani, kampuni ikishusha bei, mara nyingi humfidia mwenye duka kwa mzigo ambao haujauzwa. Bila fidia hiyo, ni nani angejaza duka gemu za mashine inayoondoka?

Mfanyabiashara wa mji mdogo kama Rulenge hana fidia. Ananunua kwa fedha taslimu Kariakoo au Mwanza, analipa na usafiri. Bei ikishuka mzigo ukiwa bado njiani, kaumia yeye. Ndiyo maana katika miji yetu midogo gemu iliuzwa kwa mechi kwenye vibanda vya kuchezea, si kwa diski. Tuchukue mfano: diski ya shilingi 3,000, mechi moja shilingi 200. Mechi 15 zikichezwa, fedha ya diski imerudi, na hiyo ni kazi ya jioni moja kibandani. Baada ya hapo bei ya Kariakoo ishuke itakavyo, mwenye kibanda haimhusu. Naiona kuwa hesabu ya akili sana.

Ila ilikuwa na doa. Diski nyingi zilikuwa za kunakili, zikichezwa kwenye mashine zilizowekwa chipu ya kuzikubali, na waliotengeneza gemu hawakupata hata senti. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, lakini vibandani haikusikika.

Rafu ya mfanyabiashara wetu, basi, ilipaswa kubeba nini? Vinavyochakaa: pedi, lenzi, memori kadi, waya. Kwenye Pro Evolution Soccer shuti hupigwa kwa kitufe cha mraba cha pedi, na kitufe hicho kikibonyezwa kutwa nzima, kiraba chake cha ndani huchoka. Mchezaji anabonyeza, mshambuliaji anabaki ameduwaa mbele ya goli, ugomvi unaanza. Pedi mpya hainunuliwi kwa anasa. Bila hiyo kibanda hakiingizi kitu. Haja yake haikutegemea mashine ni ya mwaka gani.

Sasa ni zamu ya PlayStation 4, kwa kuwa mrithi wake alitoka Novemba 2020. Ndugu mwenye duka, ukiletewa boksi la diski zake kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kama zisizouzwa zitapokelewa. Ukijibiwa hapana, fedha yako nunulia pedi.