Saa Isiyovaliwa: Uhakiki wa Saa za Wasanii

Mhakiki wa ushairi akikabidhiwa tungo, jambo la mwanzo alitazamalo ni namna fani inavyochukuana na maudhui. Tungo yenye vina vilivyopangika na mizani isiyopungua yaweza kuwa tupu, na wajuzi hawakawii kuitambua: maneno yamewekwa pale kwa sababu kina kiliyadai, si kwa sababu mtunzi alikuwa na la kusema. Kipimo hicho chafaa pia nje ya ushairi. Makala hii inakitumia kuhakiki sanaa ambayo aghlabu huachiwa wafanyabiashara na wapenzi wa minada, nayo ni saa za mkononi zinazobuniwa na wasanii wa zama zetu na kutolewa kwa idadi maalumu. Msanii anayekubali kazi hiyo huingia katika bahari yenye masharti makali: duara ndogo kuliko kiganja, akrabu mbili au tatu zisizosita, na siku iliyokwisha kugawanywa na wengine. Swali letu ni moja. Je, amesema jambo ndani ya masharti hayo, au amebandika picha juu ya kitu kilichokuwa kikienda vyema bila yeye?

Saa hizi, katika sura tuijuayo leo, zilizaliwa na msiba. Mnamo Disemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkononi iliyoendeshwa kwa kwatzi na betri. Mafundi wa Uswisi, waliokuwa wakijivunia springi na magurudumu yao, walijikuta wakishindwa kwa usahihi na baadaye kwa bei. Mwaka 1970 kazi ya saa nchini humo iliwaajiri watu wapatao 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kiasi cha 30,000 tu. Jawabu lilitolewa mjini Zürich tarehe 1 Machi 1983, nalo lilikuwa Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51 badala ya tisini na zaidi vilivyozoeleka. Mashine yake haikuwekwa katika kasha kama kito katika mkufu, bali ilipangwa moja kwa moja ndani ya kasha lenyewe, kisha kioo kikagandishwa juu kisifunguke tena. Kilichobaki ni kidirisha cha kubadilishia betri. Mashine ikifa, hakuna fundi wa kuifufua.

Kitu cha namna hiyo, rahisi na cha kupita, kilihitaji uso wa kukitofautisha. Mwaka 1985 Swatch ilimpa kazi Kiki Picasso, msanii wa Kifaransa, na mwaka 1986 ikamfuata Keith Haring wa New York. Hapana shaka Haring ndiye aliyestahili zaidi. Alikuwa amejulikana kwa michoro ya chaki juu ya karatasi nyeusi zilizofunika mbao za matangazo zisizo na tangazo katika vituo vya treni za chini ya ardhi, mahali ambapo mtu hutazama saa kuliko atazamavyo picha. Mwaka huohuo wa 1986 alifungua duka lake, Pop Shop, ili mtu asiye na uwezo wa kununua mchoro apate japo fulana au beji. Katika saa yake iitwayo Blanc sur Noir, yaani nyeupe juu ya nyeusi, mwenye kuijua ile michoro ya chaki ataona kwamba msanii hakubadili lugha alipobadili mahali. Mistari yake minene hailazimiki kupigana na akrabu, kwa kuwa akrabu nayo ni mstari. Hapa fani na maudhui vimeshikana: sanaa ya mpita njia imewekwa juu ya mkono wa mpita njia.

Lakini ndani ya kazi hiyohiyo mlikuwa na mgongano. Kila moja ya saa nne za Haring za mwaka 1986 ilitolewa kwa idadi ya 9,999. Tuitazame tarakimu hii kama tunavyolitazama neno katika shairi. Ingeongezwa saa moja tu, ingekuwa elfu kumi, na elfu kumi yasikika kama idadi ya kiwandani. Ikipunguzwa moja, yasikika kama adimu. Msanii aliyetaka kuwafikia wote akafungiwa uzio wa saa moja pungufu, na tangu hapo uzio ukaanza kutafutwa kuliko shamba.

Alfred Hofkunst, msanii wa Uswisi mzaliwa wa Vienna, aliuona mchezo huo akaucheza kwa ucheshi. Mwaka 1991 alitoa saa tatu katika umbo la vyakula: tango, pilipili nyekundu, na yai la kukaanga lenye vipande vya nyama. Majina yake, Gu(h)rke, Verdu(h)ra na Bonju(h)r, yamefichama ndani yake neno la Kijerumani lenye maana ya saa. Zaidi ya hayo, saa hizi ziliuzwa katika masoko ya mboga. Ucheshi wake una hoja. Tango ni kitu cha kuliwa leo, kesho limenyauka. Kuiweka saa katika umbo la tango na kuiuza juu ya meza ya muuza mboga ni kumkumbusha mnunuzi kwamba wakati nao hauwekeki akiba. Wanunuzi walijibu kwa kuziweka akiba. Hizo nazo zilikuwa 9,999 kwa kila aina, na tango la Hofkunst likaishia katika kabati za wakusanyaji. Sidhani kwamba msanii alishindwa. Naona kwamba idadi ilisema kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Wapo waliougusa wakati wenyewe badala ya kuupamba. Mwaka 1947 Nathan George Horwitt, mbunifu wa Marekani, alisanifu uso wa saa usio na tarakimu hata moja: weusi mtupu, akrabu mbili, na nukta moja juu inayosimama badala ya jua la adhuhuri. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliuingiza uso huo katika hazina yake mwaka 1960, na kampuni ya Movado ikaujengea jina. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusema neno hapa. Sisi huhesabu saa tangu kucha, na akrabu fupi ikielekea 7 twasema ni saa moja. Tumezoea kuitazama tarakimu na kuitamka nyingine, kana kwamba kila saa ya mkononi ni andiko la kufasiriwa. Uso wa Horwitt hauna tarakimu ya kubishana nayo. Nukta iko juu, jua liko utosini. Mwenye kuiita saa sita na mwenye kuiita kumi na mbili wamesoma kitu kimoja. Kwa kuondoa, mbunifu huyu alisema zaidi ya wengi waliojaza.

Kampuni hiyohiyo ya Movado ndiyo iliyotoa mwaka 1988 saa ya Andy Warhol iitwayo Times/5, mwaka mmoja baada ya msanii huyo kufariki. Ni nyuso tano zilizoungwa zikawa kikuku, kila moja ikiwa na mashine yake na picha ya New York iliyopigwa na Warhol. Ziko 250 tu. Mtu aweza kuzilinganisha zote tano au kuziacha zitofautiane, na kwa njia hiyo mvaaji huulizwa jambo ambalo saa ya kawaida haimuulizi: ni wakati gani kati ya hizi ulio wako? Ni kazi yenye fikra, japokuwa idadi yake imehakikisha kwamba swali hilo linaulizwa zaidi ndani ya sanduku la kioo kuliko barabarani.

Kinyume chake ni saa za Damien Hirst wa Uingereza, zilizotolewa na Swatch mwaka 2018 kuadhimisha miaka 90 ya Mickey Mouse. Zilikuwa za aina mbili, moja ikiwa na nakala 1,999 na nyingine 19,999. Hirst anajulikana kwa vidoto vya rangi, na katika saa hizi amemjenga Mickey kwa vidoto. Picha inapendeza, lakini imetulia tuli. Wakati unapita juu yake wala haumgusi. Mwenye kukumbuka saa ya Ingersoll ya mwaka 1933, iliyouzwa kwa watoto wa Marekani kwa bei ya kawaida, anajua kwamba mikono ya Mickey ndiyo ilikuwa akrabu. Panya yule alifanya kazi. Alinyoosha mikono asubuhi na jioni, na mtoto alijifunza saa kwa kumtazama. Saa isiyojigamba kwa jina la msanii ilikuwa imelitatua tatizo la fani miaka 85 kabla ya msanii mashuhuri kulikwepa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watetezi wa idadi maalumu husema kwamba wachapaji wa picha pia huhesabu nakala zao. Ni kweli, lakini wao walikuwa na sababu. Bamba la shaba huchakaa kila linapopita chini ya mashine, na nakala ya mia haiwi kali kama ya tatu. Tarakimu ilieleza hali ya kitu chenyewe. Kiwanda cha plastiki hakina uchovu huo. Saa ya 9,999 ni sawa na ya kwanza, na ile ya elfu kumi ingekuwa sawa nazo. Tarakimu hapa haielezi kitu bali inatengeneza uhaba. Matunda yake yalionekana Hong Kong mwaka 2011, ambapo mkusanyo wa Swatch 4,363 uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Katika soko hilo saa bora ni ile ambayo haijavaliwa, iliyo bado katika sanduku lake.

Hapo ndipo hasara ilipo. Uchoraji hauharibiki kwa kutundikwa, kwani ulichorwa utundikwe. Saa isiyovaliwa haina wakati, maana hakuna siku ya mtu inayopimwa nayo; nayo sanaa iliyotungwa kwa ajili ya mkono unaokwenda kazini na kurudi imekosa mkono. Betri iliyokwisha ikisahauliwa ndani huvuja ikaila mashine polepole, na kasha, tulivyoona, halifunguki. Atakayeirithi atakuwa na picha nzuri iliyofunika kitu kilichokufa.

Kwa hiyo mhakiki asiulize kwanza zimetolewa ngapi. Aulize kama picha ingepoteza chochote lau akrabu zingeondolewa. Kwa Horwitt ingepoteza kila kitu, kwa Warhol mengi, kwa Hirst takriban hapana. Na saa ya Haring iliyokwaruzika kioo, mkanda wake umepauka kwa jasho la mwenyewe, huenda isifike mnadani. Lakini hiyo ndiyo nakala iliyomfikia mtu ambaye msanii alimkusudia.