Wati 10,000, na Mama bado anauliza "Kasemaje?": uhakiki wa spika za kusimama

Mwezi wa sita nilirudi nyumbani Rusumo, wilayani Ngara, nikakuta sebule imebadilika. Kila upande wa runinga imesimama spika ndefu inayonifika kifuani, inawaka taa za bluu na nyekundu, na chini katikati kuna sabufa. Boksi lake lilikuwa bado liko barazani. Ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni: 10,000W PMPO.

Kaka yangu alinunua mzigo huu kwa ajili ya Mama. Mama amevuka miaka 70 na masikio yameanza kuchoka. Taarifa ya habari ilikuwa inampita, na filamu anatazama picha tu. Wajukuu wakicheka, yeye anauliza, "Kasemaje?" Kaka akawaza kama mimi na wewe tungewaza: Mama hasikii, basi tuongeze sauti. Akauza maharage ya msimu mzima, akapanda gari hadi Kahama, akarudi na hizo spika.

Jioni ya kwanza vioo vya madirisha vilitetemeka. Mama akauliza, "Kasemaje?" Baada ya nusu saa akaondoka zake jikoni, akawasha karedio kake ka betri, akasikiliza Radio Kwizera huku akichambua mchele. Kesho yake asubuhi alitusimulia habari zote, neno kwa neno.

Sasa tufikiri pamoja. Redio yenye nguvu ya kama nusu wati imewezaje kuzishinda spika zinazojiita za wati 10,000? Ukilijua jibu, utajua pia namna ya kuchagua spika za kusimama kwa ajili ya homu thieta yako, na pengine utaokoa gunia la maharage.

Tuanze na boksi

Fanya hesabu ndogo. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na fyuzi ya plagi ya kawaida ni ampea 13. Zidisha: unapata wati 2,990. Hicho ndicho kiwango ambacho plagi imetengenezwa kukibeba. Spika za wati 10,000 zingehitaji zaidi ya ampea 43. Fyuzi ingekatika kabla muziki haujaanza.

Au tumia LUKU. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kama ile namba ni ya kweli, filamu ya saa mbili ingekula yuniti 20. Kaka angekuwa ameshalia.

Au angalia mtoni. Mitambo ya umeme ya Maporomoko ya Rusumo, inayogawana umeme wake kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ina uwezo wa megawati 80. Gawa kwa wati 10,000: seti 8,000 tu kama ya kaka zingemaliza umeme wote wa mitambo hiyo. Basi nikageuza ile sabufa nyuma. Kuna kibandiko kidogo kisichosomeka bila tochi: matumizi ya umeme, wati 60. Huo ndio ukweli wote wa kifaa hiki. Kitu kinachoingiza wati 60 hakiwezi kutoa 10,000 mfululizo; hiyo ni kanuni ya uhifadhi wa nishati uliyosoma sekondari.

Mtetezi wa PMPO atasema, "Ndugu, hiyo ni nguvu ya kilele, ya kitambo kidogo sana." Sawa. Lakini kitambo cha urefu gani, kimepimwaje, na sauti ikiwa imeharibika kiasi gani? Hakuna kipimo kilichokubaliwa, kila kiwanda kinajipimia. Kwa hiyo 10,000 ya boksi hili huwezi kuilinganisha na 5,000 ya boksi la jirani. Marekani walichoshwa na mchezo huu mapema: mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliweka kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu ya mfululizo. Wewe dukani tafuta neno RMS, na likikosekana soma kibandiko cha nyuma.

Hata hivyo, wati si sauti

Tuseme boksi lingekuwa mkweli. Bado lingekuwa linajibu swali ambalo Mama hakuuliza.

Sikio halihesabu wati moja moja. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo sikio linaihisi kwa shida. Ili sauti ionekane kama imeongezeka maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Namba yenye maana zaidi ni unyeti wa spika: inatoa desibeli ngapi ukiipa wati moja na ukisimama mita moja mbele yake. Spika yenye unyeti wa 91 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye 85. Namba hiyo, kwenye boksi la kaka, haipo kabisa.

Chukua spika ya desibeli 88. Kwa wati moja, mtu aliyekaa mita tatu anapata kama desibeli 78 hata bila msaada wa kuta. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Yaani kwa kusikiliza habari, wati moja inatosha na inabaki! Nguvu ya Mama haikuwa imepungua. Kilichopungua ni uwazi.

Konsonanti ndizo zinazopotea

Sema polepole: amefika, amepika, ameshika. Irabu ni zilezile tatu. Kinachotofautisha mgeni, mpishi na mtu aliyeshika kitu ni konsonanti moja katikati. Na hapa ndipo ilipo shida: irabu zina nguvu nyingi na ziko kwenye masafa ya chini, f, sh na s ni nyepesi, na nguvu yake iko juu, hezi 2,000 na zaidi. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza masafa hayohayo ya juu. Mama anasikia kwamba mtu anaongea. Hasikii anasema nini.

Sasa mwongezee besi. Umewahi kusimama karibu na maporomoko pale chini ya daraja la mpakani? Mwenzako anapiga kelele, unaona mdomo unafunguka, neno hulipati. Kelele ya mto imelifunika. Besi ina tabia mbaya zaidi: sauti za chini zikiwa kubwa hufunika zilizo juu yake kirahisi kuliko za juu zinavyofunika za chini. Kwa hiyo kila kaka alipopandisha sauti kwa rimoti, alikuwa anaongeza ukuta kati ya Mama na konsonanti. Karedio ka jikoni hakana besi ya kufunika kitu, na kako hatua moja tu kutoka sikioni. Ndiyo maana kalishinda.

Je, spika ndefu ni upuuzi?

Hapana, na hapa nisiwe mkali kupita kiasi. Urefu una faida mbili za kweli. Ya kwanza ni nafasi ya ndani. Ukitaka besi ya chini na unyeti mzuri kwa pamoja, lazima uwe na boksi kubwa. Wahandisi wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann, na hakuna taa za rangi zinazoivunja.

Ya pili ndiyo inayomhusu Mama. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, linazunguka makochi na milango bila shida. Wimbi la hezi 3,000 lina sentimita 11 hivi tu. Hilo huenda mbele kama mwanga wa tochi, na likikutana na meza au mgongo wa mtu, linakwama. Spika ndefu inaiweka twita, ile spika ndogo ya juu inayobeba konsonanti, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama sentimita 90 hadi 100. Spika fupi iliyowekwa sakafuni inawahutubia miguu.

Lakini faida hii unaweza kuipata kwa spika mbili ndogo nzuri juu ya vigoda vya mbao. Na urefu wenyewe unaweza kudanganya. Tulifungua mgongo wa moja ya zile za kaka. Mbele ina miduara minne. Nyuma, miwili haikuunganishwa na waya wowote. Ni pambo.

Chumba nacho ni spika

Miongozo mingi ya homu thieta imeandikiwa nyumba za mbali: zulia ukuta hadi ukuta, mapazia mazito. Sisi tuna sakafu ya saruji, kuta za tofali zilizopigwa plasta, na juu bati, mara nyingi bila dari.

Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao mwangwi wake ulidumu zaidi ya sekunde 5. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anapima usiku, mto baada ya mto. Akapata kanuni tunayoitumia hadi leo: mwangwi hupungua kadiri unavyoongeza vitu vinavyonyonya sauti.

Kwa kanuni hiyo, sebule ya mita 4 kwa 3.5 yenye kimo cha 2.8, ikiwa tupu na kuta zake zinanyonya asilimia 3 tu ya sauti, ina mwangwi wa karibu sekunde 3. Katika sekunde 3 msomaji wa habari ametamka zaidi ya silabi kumi, na zote bado zinaelea chumbani. Weka makochi ya vitambaa, pazia zito, mikeka na watu wanne, mwangwi unaweza kushuka hadi sekunde 0.6 hivi. Hiyo ni tofauti ambayo hakuna spika ya kuinunua.

Chumba hichohicho kina masafa yake ya kuvimba, kama hezi 43 na 49, ambako besi inarudi na kujirundika. Ukiisukumia spika pembeni kabisa ya ukuta unaichochea zaidi. Kaka alikuwa amezibana kwenye kona zote mbili, "zipendeze".

Na filamu zenyewe

Sinema ya mfumo wa spika tano na sabufa huweka maneno mengi kwenye spika ya katikati. Lakini sisi nyumbani tunatazama nini? Mpira, habari, Bongo Movie, na filamu za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na akina Lufufu na DJ Mack. Katika hizo za mwisho sauti ya msimulizi imepandikizwa juu ya sauti ya filamu, na mara nyingi zinatufikia kwa flashi zikiwa na njia mbili tu, kushoto na kulia. Kwa mzigo huo, spika mbili za kweli zinatosha. Ukiwa na risiva ya njia tano bila spika ya katikati, ingia kwenye mpangilio uiambie kwamba haipo. Usipofanya hivyo maneno yatapelekwa kwenye waya usio na kitu.

Basi ukienda dukani, fanya hivi:

1. Nenda na flashi yako yenye taarifa ya habari au filamu iliyosimuliwa. Usikubali wimbo wa muuzaji.
2. Zima sabufa na "Bass Boost". Weka sauti ya chini. Kama maneno hayasikiki hapo, hayatasikika nyumbani.
3. Inua spika na igonge ubavuni. Ikiwa nyepesi na inalia kama ndoo, boksi lenyewe litapiga kelele.
4. Soma kibandiko cha nyuma, si ubavu wa boksi.
5. Nyumbani, isogeze mbali na kona, nusu mita kutoka ukutani, twita imwelekee msikilizaji.

Jambo moja lije kabla ya hayo yote: mzee wako asiposikia, mpeleke kwanza akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu. Na wajukuu nao uwalinde. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na jioni ile ya kwanza tulikuwa juu ya hapo.

Sisi tulitoa spika kwenye kona, tukazima sabufa, tukatundika mikeka miwili ukutani na kusogeza kochi la Mama hadi mita mbili. Hatukutumia hata shilingi. Sasa habari anazipata, filamu anazipata nusu, na hospitali tumempeleka, tunasubiri kliniki ya mwezi ujao. Kaka alijaribu kuzirudisha dukani, wakamwambia boksi limeshafunguliwa. Taa za bluu na nyekundu bado zinawaka. Mama anasema zinamsaidia kuona njia ya kwenda jikoni.